Picha ya mtiririko wa 3D inatoka ya ajabu? Tafuta tatizo kwa kufuata dalili

Wakuu, mtu akimaliza simulesheni ya hewa au maji, akafungua matokeo kwenye programu za kuchora kama ParaView, VisIt au Tecplot na kukuta kitu kisichoeleweka, wa kwanza kulaumiwa ni solva (programu iliyopiga hesabu za mtiririko). Anarudi kurekebisha meshi (gridi ya seli zinazogawa eneo), anarun upya siku tatu, na picha inatoka ileile. Kumbe kati ya namba zilizoko kwenye diski na picha iliyoko kwenye skrini kuna vituo kibao: faili linasomwa, arei (safu za namba kama kasi na presha) zinatambuliwa, filta zinapiga hesabu zake, namba zinageuzwa rangi, alafu kadi ya grafiki ndo inachora. Kila kituo kinaweza kukudanganya kwa staili yake, na uzuri ni kwamba kila uongo una sura yake, ukiishaizoea unajua uende kituo gani bila kuzunguka.

Humu natumia zaidi majina ya vitufe vya ParaView kwa sababu ni ya bure na wengi wanayo, ila magonjwa ni yaleyale kokote.

Kabla ya yote: pitisha mtiririko ambao majibu yake unayajua

Hii hatua watu wanairuka alafu wanapoteza wiki. Chukua meshi yako hiyohiyo (au kiboksi chochote kilichozunguka sifuri), weka filta ya Calculator kwenye point data, andika hivi:

-coordsY*iHat + coordsX*jHat + 0.2*kHat

Hapo umetengeneza mtiririko unaozunguka mhimili wa z kama gurudumu gumu huku unapanda taratibu. Majibu yake yanajulikana kwa kalamu na karatasi: strimlaini (mistari inayofuata mwelekeo wa kasi) lazima ziwe springi ambazo duara lake halikui wala halipungui, kila mzunguko mmoja unapanda kama 1.26, vortisiti (kipimo cha kujizungusha kwa mtiririko) ni 2 kuelekea z kila mahali, Q ni 1 kila mahali, na lambda2 ni -1 (hizi mbili ni vipimo vya kutafuta visulisuli, nazieleza huko chini). Sasa pitisha filta zako zote juu ya huu mtiririko. Zikitoa majibu hayo, mashine yako iko sawa, tatizo liko kwenye data au kwenye namna ulivyoisoma. Springi ikitanuka au Q ikitoka 0.7 huku na 1.4 kule, achana na solva kabisa, tatizo liko kwenye filta au kwenye meshi yenyewe.

Namba za kichaa, au picha imechanika mistarimistari

Fungua Information panel uangalie renji ya kila arei kabla hujachora chochote. Ukiona kasi ya hewa inaanzia 4.6e-41 na kuishia kwenye namba yenye sifuri thelathini na kitu, hiyo sio fizikia, ni mpangilio wa baiti. Faili za VTK za mtindo wa zamani zikiwa binari zinatakiwa ziandikwe big-endian (baiti kubwa kwanza), wakati kompyuta karibu zote tunazotumia ni little-endian (baiti ndogo kwanza), kwa hiyo kodi uliyoandika mwenyewe ikimwaga namba kama zilivyo kwenye memori, msomaji atazigeuza. Ukitaka uhakika: 1.0 ya biti 32 ni baiti 3F 80 00 00, zisome kinyume unapata takriban 4.6e-41. Ukiiona hiyo namba mahali ulipotegemea 1, umeshampata mwizi. Dawa ni kugeuza baiti kabla ya kuandika, au hamia kwenye faili za XML za VTK (.vti, .vtu) ambazo zinataja zenyewe mpangilio wake.

Renji ikiwa sawa lakini picha ina mistari kama kitambaa kilichofumwa vibaya, huo ni mpangilio wa fahirisi. VTK inataka x ndo ibadilike haraka kuliko zote, wakati NumPy kwa difolti inabadilisha haraka fahirisi ya mwisho. Arei yako ikiwa [x,y,z] na ukaifanya bapa hivihivi, umeshachanganya. Tumia order='F' wakati wa kuifanya bapa. Na hapa kuna mtego: gridi ikiwa na pande sawa, tuseme 128 kwa 128 kwa 128, hutaona mistari yoyote, picha itatoka laini kabisa ila x na z zimebadilishana viti, yaani umbo lililotakiwa kulala kuelekea mbele linasimama kwenda juu. Ndo maana majaribio ya kodi ya kuandika faili ufanye na gridi isiyo na pande sawa, kama 200 kwa 100 kwa 50, ikikosewa inajitangaza yenyewe.

Stream Tracer imefifia haibonyezeki? Data yako ina u, v, w kama skala tatu tofauti, programu haijui kwamba ni vekta. Calculator tena: u*iHat+v*jHat+w*kHat. Basi.

Na kuna hii inayowapata wanaofanya upepo wa mjini au maji ya mto kwa koodineti za ramani za UTM: umbo linatetemeka ukilizungusha, kuta zina vijingazi vidogo. Namba ya biti 32 ikiwa karibu na 500,000 haiwezi kutofautisha chini ya sentimita 3 hivi, na ikipita 8,388,608 hatua yake inakuwa mita 1 nzima. Northing (koodineti ya kaskazini-kusini) za kusini mwa ikweta zinaanzia kwenye milioni 10 na kushuka, kwa hiyo mara nyingi uko humohumo. Toa koodineti ya pembe ya eneo lako KABLA ya kuandika faili, ukishaandika kwa biti 32 zile sentimita zimeshapotea na hakuna filta itakayozirudisha.

Uso una ngazingazi, au una nyufa

Solva nyingi, OpenFOAM ikiwemo, zinahifadhi thamani katikati ya seli. Ukichora moja kwa moja kila seli inapata rangi moja na picha inakuwa vigae. Filta ya Contour, inayochora uso unaopita pale penye thamani moja, inataka thamani kwenye nodi (kona za seli), kwa hiyo weka Cell Data to Point Data kabla yake. Msomaji wa OpenFOAM ndani ya ParaView ana kisanduku kinachofanya hii kazi chenyewe, ila angalia umechagua arei ipi kwenye menyu maana zote mbili zinakuwa na jina moja, tofauti ni kaikoni kadogo pembeni tu.

Ila ujue kwamba huko kuhamisha kutoka seli kwenda nodi ni kuchukua wastani, na wastani unanyoa vilele. Ukitaka kuripoti presha ya juu kabisa chukua kwenye data ya seli, usisome kwenye picha iliyolainishwa.

Nyufa nazo zisome kwa umbo. Ufa ulionyooka unaopita kwenye mtiririko wote kama umekatwa kwa kisu, hapo ni mpaka kati ya vipande vya prosesa: kila kipande kilichukua wastani wa seli zake tu bila kujua jirani ana nini. Weka filta ya Ghost Cells kabla ya kuhamisha kwenda nodi. Ufa unaofuata mstari ambapo seli kubwa zinakutana na seli ndogo, hapo ni nodi zinazoning'inia, upande mmoja una nodi ambayo upande wa pili haina, kwa hiyo nyuso mbili hazikubaliani zipite wapi. Na ukiona vitundu vidogovidogo katikati ya sehemu laini, na unatumia kodi ya kujiandikia ya marching cubes (njia ya kuchora huo uso mchemraba kwa mchemraba), umerithi tatizo la njia yenyewe: toleo la asili la Lorensen na Cline la 1987 lina hali ambazo uso wa mchemraba unaweza kuunganishwa kwa namna mbili, na seli mbili jirani zikichagua tofauti panabaki tundu. Programu kubwa zilishaziba hilo zamani, wewe pia tumia jedwali lililorekebishwa.

Strimlaini zinakatika njiani

Hili ndo swali namba moja, na jibu limeandikwa kwenye data yenyewe ila watu hawalifungui. Stream Tracer, filta inayochora strimlaini, ikimaliza kazi inaacha arei inaitwa ReasonForTermination, iko kwenye cell data. Fungua Spreadsheet View, chagua Cell Data, uisome. 1 maana yake mstari umetoka nje ya eneo, 4 umefikia urefu wa mwisho, 5 hatua zimeisha, 6 kasi imekuwa ndogo mno. Paka hata rangi strimlaini zako kwa hiyo arei, kwa sekunde tano unajua wapi pa kushika.

Ukipata 4, ongeza Maximum Streamline Length, hamna cha zaidi. Ukipata 5, difolti ni hatua 2000 na kwenye meshi yenye seli ndogo sana hiyo inaisha haraka, kwa sababu urefu wa hatua unapimwa kwa ukubwa wa seli. Ongeza. Lakini mstari ukiwa unazunguka palepale ndani ya kisulisuli, hata ukiweka hatua laki moja utazunguka tu, hapo mtiririko wenyewe unakuambia kwamba maji yamenaswa.

Ukipata 6 angalia mbegu, yaani nukta ambazo strimlaini zinaanzia, umezitupa wapi. Ukutani kasi ni sifuri, ndo sharti la mpaka lenyewe, kwa hiyo mbegu iliyowekwa juu kabisa ya ukuta haiendi popote. Isogeze nje kidogo, seli moja au mbili. Ukitaka kuona mtiririko unavyoteleza juu ya bodi, usitumie kasi kabisa, tumia vekta ya msuguano wa ukutani alafu weka Surface LIC (inayochora michirizi ya mtiririko juu ya uso mzima) juu yake, pale mistari ya kuachana na ya kushikana tena na ukuta inaonekana vizuri sana. (LIC yenyewe haikuambii mtiririko unaelekea upande upi, inakupa mstari tu, so weka vimishale vichache au iendeshe kama animesheni.)

Ukipata 1 na mstari uko katikati ya eneo, hapo ndo pa kukuna kichwa. Inaweza kuwa hatua ni ndefu mno, mstari ukaruka kona ya ukuta uliopinda ukajikuta ndani ya chuma. Inaweza kuwa bloku mbili hazijaunganishwa vizuri, kuna nafasi nyembamba kama unywele kati yake, jaribu Merge Blocks na kuunganisha nodi zinazofanana. Na kama una feni au propela, angalia mpaka wa sehemu inayozunguka: wengine wanahifadhi kasi inavyoonekana kwa mtu aliyesimama nje, wengine inavyoonekana kwa aliyepanda kwenye propela, na faili likiwa na moja ndani na nyingine nje, strimlaini zinapinda ghafla hapohapo kwenye mpaka. Kukatika hazikatiki, zinapinda kwa pembe kali tu, na mtu anaandika kwenye ripoti kwamba ameona msukosuko mkali kwenye kiungo.

Kuna uongo mwingine mbaya zaidi kwa sababu unapendeza: springi inayotanuka. Kodi inayotumia Euler, njia rahisi kuliko zote, kila hatua inakwenda kwa mstari ulionyooka, na kwenye duara mstari ulionyooka unakutoa nje ya duara. Ukichukua hatua ya radiani 0.1, kila hatua inakuza nusu kipenyo kwa nusu asilimia, unaona ndogo, lakini mzunguko mmoja ni hatua kama 63 na ukimaliza mzunguko umeshatanuka asilimia 37 hivi. Mtu akiangalia anasema kisulisuli kinatawanyika. Hakitawanyiki! Tumia Runge-Kutta 4 au 4-5, njia zenye usahihi zaidi, alafu punguza hatua kwa nusu uchore tena, mstari ukihama basi hatua ilikuwa kubwa. Ule mtiririko wa gurudumu tuliouanza nao ulikuwa unakungoja kwa ajili ya hili.

Strimlaini zimejazana hadi huoni kitu

Mbegu elfu tano zikitupwa kwenye mtiririko wa vurugu zinatoa picha kama nywele zisizochanwa wiki nzima. Punguza. Anza na mbegu 50 kwenye mstari mfupi unaokatiza pale unapopajali, zigeuze mirija kwa filta ya Tube maana mstari mwembamba hauna kivuli na bila kivuli jicho halijui upi uko mbele, washa SSAO (inayotia giza kwenye mianya ili kina kionekane), na data ikiwa ya wakati mmoja wa mtiririko wa vurugu jiulize kama unachotaka sio wastani wa muda. Mishale nayo ni hivyohivyo: ukichora kila nodi, pale meshi ilipobana karibu na ukuta panakuwa peusi na msomaji anadhani kuna kitu kikubwa kinatokea pale, kumbe ni wingi wa nodi tu. Weka Uniform Spatial Distribution.

Visulisuli havionekani, au vimejaa kila mahali

Dalili ya kwanza: umechora uso wa vortisiti na umepata ganda limefunika bodi nzima, visulisuli vya nyuma havionekani. Sio ajabu. Vortisiti haitofautishi kuzunguka na kukwaruzana. Chukua mtiririko rahisi kabisa ambapo kasi ya x inaongezeka tu kadiri unavyopanda y, u = γy, hakuna chochote kinachozunguka pale, lakini vortisiti ni γ kamili, na karibu na ukuta γ ni kubwa kuliko mahali popote. Q-criterion (Hunt, Wray na Moin, 1988) inatoa nguvu ya kukwaruza kwenye nguvu ya kuzunguka, na kwenye huu mfano zinalingana kabisa, Q inakuwa sifuri. Ndo maana tunahama. Lambda2 ya Jeong na Hussain ya 1995 inakaribiana nayo kwenye kazi nyingi, ila kumbuka yenyewe visulisuli viko upande wa hasi, ukiweka thamani chanya unachora kila kitu ambacho sio kisulisuli.

Dalili ya pili: umehamia Q na bado huoni kitu, au unaona uji. Hapo ni thamani uliyoweka. Q ina kipimo cha moja kwa sekunde mraba, kwa hiyo namba uliyoiona kwenye kazi ya mtu mwingine haikuhusu. Piga U gawanya L, weka mraba. Mfano kasi 20 m/s na bodi ya mita 0.5, unapata 40, mraba wake 1600. Anza na 1600, alafu zidisha au gawanya kwa 10 hadi umbo lieleweke. Kusema ukweli hakuna thamani moja sahihi, na mtu anayeonyesha uso wa Q bila kutaja thamani aliyotumia anakuonyesha mapambo. Onyesha mbili, moja juu moja chini, kisulisuli cha kweli kinabaki kwenye zote.

Dalili ya tatu: Q imejaa vipelepele vya ukubwa wa seli. Q ni mraba wa gradienti, na gradienti inakuza kila kelele. Kama faili lako lilihifadhiwa kwa tarakimu 6 za maandishi, au kasi ilihamishwa seli kwenda nodi alafu ikachukuliwa gradienti, umekoroga mwenyewe. Bora uipige ndani ya solva, OpenFOAM kwa mfano ni postProcess -func Q na imeisha, inatumia gradienti zilezile za solva.

Dalili ya nne inachanganya hata wazoefu. Q inaonyesha visulisuli vizuri kabisa, lakini strimlaini zikipita palepale zinapinda tu kidogo kama wimbi, hazizunguki. Nani muongo? Hakuna. Visulisuli vinasafiri. Upepo ukiwa 10 m/s na visulisuli vinakwenda 8 m/s, aliyesimama chini anaona kila kitu kinakwenda mbele na duara halijifungi. Toa 8 kwenye kasi ya x kwa Calculator, chora tena strimlaini, maduara yanajitokeza. Q haibadiliki ukifanya hivyo kwa sababu gradienti ya namba isiyobadilika ni sifuri, na hiyo ndo sababu kubwa ya kuiamini zaidi ya strimlaini kwenye hili.

Animesheni imeganda, au visulisuli vinarudi nyuma

Silinda ya kipenyo cha mita 0.1 kwenye hewa ya 10 m/s. Namba ya Strouhal (frikwensi ya kuachia visulisuli mara kipenyo gawanya kasi) hapo ni kama 0.2, kwa hiyo visulisuli vinaachia mara 20 kwa sekunde, kila mzunguko sekunde 0.05. Sasa ulihifadhi data kila sekunde 0.05 kwa sababu ni namba nzuri. Kila fremu inakukuta kwenye hatua ileile ya mzunguko, animesheni imeganda kabisa, na mtu anatangaza kwamba mtiririko umetulia. Ukihifadhi kila 0.045 ni kichekesho zaidi, visulisuli vinarudi taratibu kuelekea kwenye silinda. Hamna filta ya kutibu hilo, data ya katikati haipo. Weka nukta moja nyuma ya silinda, solva iandike kasi pale kila hatua ya muda (haili diski hata kidogo), soma frikwensi hapo, ndo uamue kuhifadhi mara ngapi, walau picha 20 kwa mzunguko mmoja ukitaka animesheni laini.

Njia za chembe nazo zinataka zaidi ya hapo. Chembe ya 10 m/s, seli za milimita 5, ukihifadhi kila sekunde 0.1 chembe inaruka mita nzima, seli 200, kati ya picha mbili. Programu itaintapoleti kwa mstari ulionyooka na itakupa mkunjo mzuri tu usio na uhusiano na ukweli. Ili isogee seli 2 hivi ungehitaji kila sekunde 0.001. Kama huna hiyo data, usichore njia za chembe, au acha solva ibebe chembe yenyewe wakati inarun.

Na kama unalinganisha na picha ya moshi au rangi ya maabara na hazifanani: moshi sio strimlaini. Moshi ni mstari wa chembe zote zilizopita kwenye tundu lilelile kwa nyakati tofauti. Mtiririko ukiwa haubadiliki na muda hivi vitu vitatu, strimlaini, njia ya chembe na mstari wa moshi, vinalala juu ya kimoja. Ukibadilika vinaachana. Moshi linganisha na moshi.

Rangi zinadanganya

Fremu moja nyekundu, inayofuata imepauka, hakuna kilichobadilika: renji inajipanga upya kila hatua. Rescale over all timesteps, au andika namba mwenyewe. Picha yote ya bluu isipokuwa nukta moja: kuna seli mbovu moja imebeba thamani ya kichaa, angalia histogramu, kata renji kwenye asilimia 1 na 99, alafu kaitafute hiyo seli maana huenda inakuambia kitu kuhusu meshi. Ukuta mzima wa bluu: umepaka kasi kwenye ukuta, ni sifuri, paka presha.

Na kama kuna "kingo" kali kwenye mtiririko unaotakiwa kuwa laini, badilisha kwanza ramani ya rangi. Ile ya upinde wa mvua ina njano na samawati zinazong'aa zenyewe, zinatengeneza mipaka ambayo haiko kwenye data. Weka viridis, au Cool to Warm kama sifuri iko katikati. Kingo ikitoweka haikuwepo.

Ukungu kwenye volyumu

Ukirenda volyumu (kuchora eneo lote kama wingu linalopenyeka) ukapata wingu la kijivu, opasiti yako (kiasi cha kuziba mwanga kwa kila thamani) ni mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, kwa hiyo hewa tulivu iliyojaa eneo lote nayo inachangia. Ishushe iwe sifuri kote, pandisha kilele chembamba pale kwenye thamani unayoitafuta. Kama huoni kitu kabisa, au umeona tofali jeusi, angalia Scalar Opacity Unit Distance, meshi ya milimita na ya mita hazitumii namba moja. Pete kama za mti uliokatwa ni hatua ndefu ya kusampuli, ipunguze.

Meshi isiyo na mpangilio inarenda polepole mno, wengi wanatumia Resample To Image, sawa, ila difolti yake ni 100 kwa 100 kwa 100. Eneo la mita 10 hapo linapimwa kila sentimita 10. Kisulisuli cha sentimita 4 kimekufa kabla hujakiona. Kata kwanza kwa Clip sehemu unayoijali, ndo usampuli.

RAM inaisha, programu inajifunga

Piga hesabu kabla ya kubonyeza. Seli milioni 100, kasi peke yake kwa biti 64 ni gigabaiti 2.4 kwa hatua moja ya muda, na meshi isiyo na mpangilio ya seli za pande sita inabeba orodha ya nodi 8 kwa kila seli, gigabaiti 6.4 nyingine hapohapo. Alafu filta nyingi zinatengeneza nakala: Clip inageuza hata gridi nadhifu kuwa isiyo na mpangilio, na ndo hapo kompyuta inazimika. Slice na Contour ni salama zaidi kwa sababu zinatoa uso tu. Kwa hiyo chagua arei mbili tatu wakati wa kufungua faili, usifungue zote ishirini, hifadhi kwa biti 32 kama ni ya kuangalia tu, na data ikiwa kwenye klasta usiihamishe, washa pvserver (sehemu ya ParaView inayokaa upande wa seva) kulekule uunganishe kutoka kwako.

Hatua 1000 za hiyo kasi ni terabaiti 2.4, hapo hata diski inakataa. Basi picha zitengenezwe wakati solva inarun, kwa Catalyst au Ascent, unaandika mapema slice zipi na nyuso za Q za thamani gani zitolewe kila hatua, na zenyewe ni ndogo sana. Hasara yake ni kwamba unachagua kabla hujaona, kwa hiyo acha solva iandike pia faili la kuanzia upya kila baada ya muda, ili slice ikija kuonekana ilipita pembeni ya tukio urudie kutoka pale tu na sio kutoka sifuri.